Jibu: Wanakijiji wapateje habari za mradi wa nyuklia?

Ndugu, kwa kuwa umeuliza wakazi wa Uyombo (Kilifi) au Siaya, maeneo yanayotajwa kwa mtambo wa nyuklia nchini Kenya, wafanyeje wapate habari bila kusubiri baraza la chifu, silaha yenu ni Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Andikieni NuPEA, shirika la serikali linalosimamia mpango wa nyuklia, kwa Kiswahili, sheria inaruhusu. Asiyejua kusoma atamke, na afisa ana wajibu wa kumwandikia.

Barua nyingi hukwama hapa: mtu anaomba "habari za mradi", analetewa vipeperushi. Tajeni hati: ripoti ya uchaguzi wa eneo, ramani ya mipaka, orodha ya viwanja vitakavyotwaliwa, mpango wa barabara na nyaya za umeme. Nakala yenu igongwe muhuri wenye tarehe, maana siku 21 za kujibiwa zinahesabiwa tangu barua ipokewe. Kuomba hakulipiwi, gharama ni ya kutoa nakala tu. Mkinyimwa, nendeni kwa Ombudsman, tume inayosikiliza malalamiko ya wananchi dhidi ya ofisi za umma, ndani ya siku 30.

Hati zikifika, msizifungie kabatini kwa katibu. Zifupisheni ziwe kurasa mbili za Kigiriama au Kijaluo, zisomwe redioni na zibandikwe zahanati. Ni vyema mwenye shamba aione ramani kabla ya mpima ardhi kufika.