Maswali yenu ya picha: ukuta mweupe, uso uliozama

Picha ya kuombea viza au kitambulisho, nyuma iwe nyeupe au bluu? (Busia)
Hili nimelijibu mpaka vidole vimeota sugu. Soma fomu! Viza ya Marekani inataka nyeupe au inayokaribia nyeupe, inchi 2 kwa 2. Kitambulisho cha taifa unapigwa palepale unapojiandikisha, kwa hiyo hela ya studio kanunulie sukari.

Ukuta wangu mweupe kabisa, lakini uso umetoka giza, macho hayaonekani. Simu mbovu? (Wandegeya)
Simu nzima. Kamera ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, inaupunguza. Ukuta unageuka kijivu na sisi wenye ngozi nyeusi tunazama. Gusa uso kwenye kioo cha simu, kisha ongeza mwanga taratibu mpaka uzione nyusi. Simama hatua mbili mbele ya ukuta ili kivuli kiangukie sakafuni, kisikae nyuma ya masikio. Elekea mlango ulio wazi asubuhi. Jua la saa sita linachimba mashimo machoni. Na wapo wapiga picha ambao, badala ya kusogeza taa, wanakung'arisha kwa kompyuta mpaka mama yako anauliza huyu nani. Usilipe. Hukwenda kubadilishwa rangi.

Si nifute tu nyuma kwa programu? (Mbale)
Futa, na sikio liende nalo. Mpwa wangu alirudi kutoka studio moja nywele zimekatwa pembeni kama bati, ukosi umebaki nusu. Wamarekani hawapokei picha iliyochezewa, iwe ya viza au ya bahati nasibu ya grinkadi, kibali cha kuishi kwao. Tundika shuka nyeupe, lakini ipige pasi kwanza. Yenye mikunjo inatoka kama ramani.

Navaa hijabu nyeupe. Nivue? (Arua)
Usivue, dada. Badilisha rangi tu, vaa iliyokolea. Nyeupe juu ya nyeupe, unabaki uso unaoelea. Uonekane kuanzia kidevu hadi paji la uso, bila kivuli cha kitambaa. Nanyi wa mashati meupe ya kuombea kazi, mmesikia.

Miwani? (Jinja)
Kwa viza ya Marekani, vua. Ni tangu Novemba 2016.

Mtoto wa miezi mitatu hakai. (Malaba)
Nani kasema akae? Mlaze juu ya shuka ileile, karibu na dirisha, umpige kutoka juu, kivuli chako kikiwa upande wa pili. Subiri afumbue macho. Mkono wa bibi usionekane, hata kidole.