Namba Kubwa Kwenye Tangazo: Jinsi ya Kuchagua Klasi ya Mashua ya Mashindano

Muuzaji wa mashua ndogo za mashindano hupenda kuanza na namba za kila klasi, yaani kundi la mashua za muundo mmoja. Laser zimeundwa zaidi ya 200,000. Optimist zaidi ya 150,000. Sunfish zaidi ya 300,000. Namba hizo ni za kweli, lakini hushindani na mashua zote zilizowahi kutoka kiwandani. Utashindana na zile zitakazofika kwenye mstari wa kuanzia Jumamosi, katika maji yako, na idadi hiyo haiandikwi kwenye tangazo.

Jumla ya mashua zilizoundwa hupanda tu, haishuki. Kila bodi mpya, yaani mwili wa mashua, hupewa namba, na namba hiyo hubandikwa kwenye tanga. Bodi ikipasuka mwambani au ikaozea uani kwa mtu, hakuna anayeifuta kwenye hesabu. Mirror ni mfano mzuri. Jack Holt na Barry Bucknell waliibuni Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa ushirikiano na gazeti la Daily Mirror. Iliuzwa kama vipande vya plaiwudi: mnunuzi alivishona nyumbani kwa waya wa shaba, kisha akaziba maungio kwa utepe wa faiba na gundi. Namba za tanga zimepita 70,000, na klasi hiyo inastahili heshima, maana iliwafikisha majini watu wasiomudu mashua ya kiwandani. Ila plaiwudi ikikosa rangi huoza kwenye maungio, kwa hiyo usidhani zote 70,000 zinaelea.

Upande wa pili ipo Star. Imekuwepo tangu 1911, na namba zake hazijafika hata 10,000. Hata hivyo ilikuwa kwenye Olimpiki kuanzia 1932 hadi 2012, ikikosa mwaka 1976 tu, na mabingwa wakubwa wa dunia wamepita humo. Uchache wake umetokana na bei, na pia ni mashua nzito yenye mkuku, uti wa uzito uliofungwa chini yake, isiyoburutwa mchangani na watu wawili.

Basi fanya hivi kabla ya kutoa hela. Nenda klabu unayotaka kujiunga nayo, omba matokeo ya mashindano ya msimu mzima uliopita, na uhesabu mashua zilizomaliza, si zilizoandikishwa. Klasi yenye mashua tano au sita zinazomaliza kila wiki itakufundisha mengi kuliko yenye ishirini zilizofunikwa maturubai. Kisha zunguka uwanjani uangalie zilizoegeshwa: zina kamba mpya, au majani yameota chini yake? Uliza pia vipuri vinatoka wapi na huchukua muda gani kufika. Hapa ndipo jumla ya uzalishaji ina faida ya kweli: klasi iliyoundwa kwa wingi ina milingoti, sukani na matanga yaliyotumika sokoni, na mashua haikai bure miezi mitatu kwa kukosa kipande kimoja.

Kwa mtu mzima anayeanza peke yake, ushauri wetu ni Laser, ambayo tangu 2019 chama cha klasi kinaiita ILCA. Bruce Kirby wa Kanada aliichora mwaka 1969, ikaonyeshwa New York mwaka 1971, ikaingia Olimpiki 1996. Nguvu yake ni kanuni kali: bodi ni moja kwa wote, urefu mita 4.2, uzito kilo 59. Kinachobadilika ni tanga na kipande cha chini cha mlingoti. ILCA 7 ina tanga la mita za mraba 7.06, ILCA 6 lina 5.76, na ILCA 4 lina 4.7. Mwenye kilo 80 achukue ya kwanza, wa kilo 60 na kitu ya pili, kijana wa kilo 50 ya tatu. Familia moja inaweza kutumia bodi ileile kwa kununua kipande kimoja cha mlingoti na tanga, na hilo limeisaidia klasi kuenea.

Bodi iliyotumika ikaguliwe kwa makini. Anza na tundu la mlingoti, kwa sababu hapo ndipo Laser nyingi za zamani hufa. Lijaze maji, weka alama kwenye usawa wake, subiri robo saa. Maji yakishuka yanaingia ndani ya bodi, na siku ya upepo mkali mlingoti unaweza kung'oka na sitaha yake. Kisha ipime uzito. Ikizidi sana kilo 59, ina maji ndani: fungua kizibo cha tezi (nyuma), inua omo (mbele), iache usiku kucha, halafu upime tena. Kutafuta uvujaji, paka maji ya sabuni kwenye maungio ya sitaha na bodi, upulize hewa kwa mdomo kupitia tundu la kizibo, uangalie povu. Usitumie kompresa ya gereji, inapasua bodi.

Kipande cha juu cha mlingoti, kama ni cha alumini, hukatikia kwenye ribiti ya kola, pete ya pale vipande viwili vinapoungana, mahali chumvi inapokula chuma. Suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila ukitoka baharini. Kipande cha chini kiviringishe sakafuni uone kama kimepinda. Cha ILCA 4 kimepindwa makusudi kiwandani, usikikatae kwa hilo. Mwisho tazama namba: kuanzia 148200, kibati cha klasi kinatakiwa kuwepo nyuma ya sehemu ya kukalia. Kikikosekana, usitarajie kuruhusiwa kwenye mashindano makubwa.

Mtoto mpe Optimist. Clark Mills aliichora Florida mwaka 1947. Bodi ina kilo 35, tanga mita za mraba 3 na kitu, na mwisho wa kushindana ni mwaka anaotimiza miaka 15. Kwa mazoezi, fundi mzuri wa mashua anaweza kuunda ya plaiwudi, na ni akiba nzuri ya fedha. Ila bila cheti cha vipimo haiingii mashindano ya kimataifa. Mifuko mitatu ya hewa ijazwe na kufungwa kwa nguvu. Ikilegea, mashua iliyopinduka hukaa imejaa maji na mtoto hawezi kuikausha.

Palipo na miamba na maji kupwa, kama sehemu nyingi za mwambao wetu, Hobie 16, mashua ya bodi mbili zilizounganishwa sambamba, inafaa kuliko zote hizo. Haina ubao wa kushusha katikati, hivyo inapanda mchangani bila kuvunja kitu. Zimeundwa zaidi ya 100,000, na kanuni zinataka mabaharia wawili wenye jumla ya kilo 129 hivi. Wepesi zaidi ya hapo hutaabika kuiinua ikipinduka. Ukiikagua, bonyeza sitaha ya kila bodi kwa kidole gumba, hasa mbele ya nguzo za mbele zinazobeba fremu. Ikibonyea kidogo, hutobolewa vitundu na kujazwa gundi ya epoksi. Ikibonyea huku inalia, iache.