Re: Mlenga shabaha aliyepiga shabaha ya jirani

Mkuu, umeuliza kama kisa cha mlenga shabaha aliyepiga shabaha ya jirani ni kweli au porojo. Ni kweli kabisa: Matthew Emmons wa Marekani, Olimpiki ya Athens 2004. Dhahabu ya bunduki mita 50 kwa kulala alikuwa ameshaibeba. Fainali ya mikao mitatu (kupiga magoti, kulala na kusimama) anaongoza kwa pointi 3, imebaki risasi moja. Akapiga vizuri tu, ila kwenye shabaha ya jirani! Sifuri, chini hadi nafasi ya 8. Beijing 2008 anaongoza tena, risasi ya mwisho ikampa pointi 4.4 tu, akawa wa 4. Kidonda juu ya kidonda. Shaba ya mikao mitatu aliipata London 2012.

Ila Athens kulekule, Kateřina Kůrková, mlengaji wa Ucheki, ndiye aliyekuja kumpa pole Emmons. Wakaoana 2007.