Mbona mzinga mnene nyuma, mwembamba mbele?

SWALI: Asalaam aleikum ami. Kila nikipita pale makumbusho ya Lamu naiona ile mizinga ya zamani, nyuma minene, mdomoni imekonda. Rafiki yangu asema ni kwa sababu baruti iko nyuma, basi. Na ni kweli mizinga mikubwa ilitiwa baruti ya mabonge? Si unga ungewaka haraka zaidi? – Msomaji, Langoni

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Rafikiyo hajakosea, ila kauacha utamu. Baruti ikiwaka yatoa gesi ya moto mkali, presha yaruka juu na tufe bado halijasogea sana, hapo ndipo chuma chateseka. Tufe likishakimbia, nafasi nyuma yake yaongezeka, presha yashuka, basi mbele hakuhitaji unene ule.

Sasa hiyo haraka unayoisifu ndiyo balaa yenyewe. Mashua haishushwi majini kwa kikumbo kimoja, utavunja ubao bure, watu husukuma mfululizo mpaka ielee. Mmarekani mmoja mwanajeshi, Thomas Rodman, alilijua hilo miaka ya 1850 na kitu: alitoboa ubavu wa mzinga akatia pistoni yenye ncha ya kisu, mzinga ukilia kisu chadidimia kwenye kipande cha shaba, yeye apima mkato ulivyoingia, ajua presha ilifika wapi. Mimi naona ujanja huo wapita hata mzinga wenyewe!

Akaja na baruti ya mabonge yenye matundu. Bonge lisilo na tundu likiwaka lapungua, na gesi yapungua nalo, lakini la tundu lawaka nje na ndani pamoja, nje lasinyaa huku tundu lapanuka, gesi yaendelea kuja tufe likiwa njiani. Ya matundu 7 ndo kabisa, eneo linalowaka lazidi kukua karibu mpaka mwisho.

Kuna na suala la kuwasha, wengi hawalifikirii. Shehena ndefu ya baruti ukiiwasha ncha moja tu, gesi yaikumba baruti ambayo haijashika moto, mawimbi ya presha yaenda mbele yarudi nyuma, na yakizidi yaweza kupasua mzinga. Ndo maana kwenye mizinga mingine hupitishwa bomba lenye matundu katikati ya shehena, moto utoke kote kwa pamoja. Na hata baada ya Mfaransa Paul Vieille kutoa baruti isiyo na moshi 1884, ile nyeusi ya kizamani haikutupwa, yatumika mpaka leo kuwashia mizinga mikubwa, kwani yashika moto upesi na kurusha chembe za moto kila upande.