Fundi Anajibu: Ford Model T

SWALI: Nataka kununua Ford Model T, lile gari la zamani. Muuzaji anasema ni ya 1914, na kweli rejeta ni ya shaba. Lakini namba ya injini ni milioni saba na kitu. Niamini kipi?

JIBU: Amini namba, ila kwa injini tu. Hugongwa kwenye bloku upande wa kushoto, juu kidogo ya mahali maji yanapoingilia. Injini ya 1,000,000 ilitoka Desemba 1915, ya 10,000,000 ikatoka Juni 1924. Yako imo katikati, kwa hiyo si ya 1914. Hilo halimfanyi muuzaji kuwa mwongo: Ford waliendelea kuunda injini hizi hadi 1941, miaka 14 baada ya gari lenyewe kukoma, na kuchomoa mbovu ukapachika nzima lilikuwa jambo la kawaida.

Rejeta ndiyo ya mwisho kuaminiwa. Ganda la shaba lilikoma na modeli ya 1916. Ya 1917 ikaja na chuma cheusi. Lakini rejeta hufunguka kwa boliti chache, na shaba hupandisha bei, basi wengi hubadilisha. Tazama taa: modeli ya 1914 huwa na taa za gesi ya asetilini, kwani za umeme zilianza na ya 1915. Tazama pia kama bloku ina nafasi ya kufungia jenereta. Ikiwa nayo, ni ya 1919 au baada yake. Gari la kuungaunga si dhambi, mradi ulilipie bei ya kuungaunga.

SWALI: Naambiwa nifungue difu (gia za ekseli ya nyuma) kabla ya kuliendesha, ingawa haivuji wala hailii. Kuna haja gani?

JIBU: Fungua. Ndani yake, kila upande, mna washa (pete bapa) ya babiti, metali laini, iliyobanwa kati ya washa mbili za chuma. Ndiyo inayoizuia gia kubwa isiikimbie pinioni, gia ndogo inayoizungusha. Babiti ya umri huu hupasuka na kumomonyoka kimyakimya. Ikiisha, gia inasogea, meno yanaachana, na gari linakosa mwendo na breki kwa mara moja. Kwa nini breki? Kwa sababu pedali ya breki ya Model T hubana ngoma iliyo ndani ya giaboksi, haigusi magurudumu. Hata pedali ya rivasi, ambayo wengine huitegemea breki inapochoka, hupitia difu hiyohiyo. Hubaki breki ya mkono inayoshika magurudumu ya nyuma, nayo katika magari ya kabla ya modeli ya 1926 ni viatu vya chuma cha kusubu visivyo na lainingi (bitana ya kushikia). Hiyo ni ya kuegeshea, si ya kuteremkia mlima.

Toa washa zote mbili za babiti uweke za bronzi. Kagua pini zinazozuia washa za chuma zisizunguke. Kisha osha kila kitu mpaka usione chenga ya kijivu, maana zikibaki zitaishia kwenye beringi. Oili nzito ya gia usiizidishe: hufuata ekseli hadi kwenye breki za nyuma.

SWALI: Sioni kijiti cha kupimia oili ya injini.

JIBU: Hakipo, wala hakuna pampu, oili husambazwa kwa kurushwa. Chini, upande wa nyuma wa injini, kuna vikoki (vibomba vya kufungua na kufunga) viwili, kimoja juu ya kingine. Gari likiwa kwenye usawa na injini imezimwa dakika kadhaa, oili iwe kati ya viwili hivyo. Injini tupu hupokea lita 3.8 hivi. Ukipanda mlima mrefu, konekting rodi ya mbele ndiyo hukauka kwanza, kwa hiyo siku hiyo kaa karibu na kikoki cha juu.

SWALI: Hendeli ya kuwashia inanirudishia kwa nguvu.

JIBU: Wenzo wa kushoto chini ya usukani, ule wa moto wa plagi, uwe juu kabisa kabla hujashika hendeli. Tumia mkono wa kushoto, kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, na uvute kwenda juu tu, usisukume chini. Ikiwa wenzo uko juu na bado inarudisha, kagua fimbo inayokwenda kwenye taima, kifaa kinachopanga wakati wa moto wa plagi: ikipinda, plagi hupiga moto kabla pistoni haijafika juu. Usijaribu tena kuwasha kabla hujainyoosha.