Muulize Shangazi: Bibi kaja kutoka Tanga, wajukuu wanataka Science Museum

SWALI: Shangazi shikamoo. Mama yangu mzazi kaja kututembelea hapa Reading kutoka Tanga na ile wiki ya mapumziko ya shule ndo inaingia. Watoto wangu ni watatu, wa miaka 4, 9 na 13, wananing'ang'ania niwapeleke Science Museum ya London kwa sababu wenzao wa darasani wote wameshaenda. Mume wangu anasema ni kupoteza hela tu, makumbusho ni vyungu na mifupa, halafu bibi miguu inamsumbua. Sasa bei zake zikoje, na bibi atafanya nini huko wakati Kiingereza chake kinaishia gudmoning? – Mama Watatu

JIBU: Marahaba mwanangu. Mpe mumeo salamu zangu na umwambie kuingia ni bure, sijui hiyo hela ataipotezea wapi labda kwenye chipsi. Mifupa ipo kweli ila ni jengo la jirani, huku watu wanashika, wanabonyeza, wanazungusha.

Kinacholipiwa ni ukumbi unaitwa Wonderlab, uko juu, ulifunguliwa 2016, na nna uhakika hicho ndo wanacholilia wanao. Kuna miteremko ya kuteleza, kila mmoja umetandikwa kitu tofauti, huu unakupeleka mbio na ule unakukwamisha katikati, mtoto anaujua msuguano kwa makalio kabla hajakutana nao darasani, na kuna kaunta ya kemia ambapo wahudumu wanafanya majaribio mkiwa mmesimama hapo hapo. Wa miaka 13 atajifanya kakua, we muache tu, baada ya dakika kumi utamkuta kwenye foleni ya kuteleza. Yule wa 4 mpeleke chini kabisa kwenye The Garden, kuna maji ya kuchezea, kwa hiyo beba nguo za kubadilisha na soksi usisahau.

Tiketi ya Wonderlab kata mapema mtandaoni, hata ile ya bure ya mlangoni weka nafasi kabisa. Mimi nilijifanya mjanja nikaenda wiki ya mapumziko na watoto watano bila kukata chochote, nafasi zimejaa, nikabaki nawabembeleza watano kwa biskuti moja moja mpaka saa nane mchana, kosa langu mwenyewe. Chakula beba cha nyumbani, chapati na mayai, kuna sehemu za kukaa mkala.

Haya, bibi. Stesheni ya South Kensington ina ngazi na lile handaki la kwendea makumbusho ni refu, kwa miguu yake afadhali mshuke na basi, namba 14 au 74 zinapita karibu, mwende mdogo mdogo. Ila umeniuliza atafanya nini huko kama vile ni begi mnalibeba, na mimi nakwambia huyo ndo atakayewafundisha. Mkifika ulizeni Puffing Billy ilipo. Ni injini ya mvuke ya miaka ya 1813 na 1814, ilikuwa inavuta makaa ya mawe huko kaskazini ya Uingereza, na katika injini za treni zote zilizobaki duniani hakuna kongwe kuliko hiyo. Hao wanao wanasema "treni" tu, waulize kwa nini bibi anasema garimoshi. Hawajui! Reli ya Tanga ilianza kujengwa 1893, na mtu wa umri wa mama yako ana kumbukumbu zake za moshi na honi, mkalisheni kwenye benchi mbele ya hilo dude awasimulie, wewe kaa kimya, na usimtafsirie kila neno, kama Kiswahili cha watoto kimelegea hapo ndo kitakaza chenyewe.

Ukibaki na nguvu waonyeshe chombo cha angani cha Apollo 10, ni chenyewe kabisa sio mfano, Mei 1969 kiliuzunguka mwezi wa angani, miezi miwili kabla watu hawajatua huko, na ukiinama utaona chini kilivyoungua wakati wa kurudi. Baada ya hapo nendeni nyumbani. Jengo lina ghorofa nyingi na kuna wazazi wanataka kuzimaliza zote siku moja, saa kumi jioni unawakuta wote wamenuna pale mlangoni.

SWALI: Shangazi, sisi ni wa Malindi ila tunaishi Leicester, London mbali na nauli ya treni imekuwa wizi. Huku kwetu hakuna kitu? – Baba Fatma

JIBU: Baba Fatma jamani, una National Space Centre mlangoni kwako na unaniuliza mimi! Ipo tangu 2001, ule mnara unaong'aa kama kifukofuko cha mdudu ndo huo, ndani una maroketi mawili yamesimama wima, Blue Streak na Thor Able. Kiingilio hapo sio bure, nakuambia mapema usije ukanilaumu.

Na kabla hamjaingia muulize Fatma kama anajua kwamba satelaiti ya Uingereza iliyoitwa Ariel 5 ilirushwa Oktoba 1974 kutoka jukwaa la San Marco, lile la Waitaliano baharini huko huko kwenu upande wa Malindi, na kwamba ndani yake kulikuwa na chombo cha kupima mionzi ya eksirei kutoka angani kilichotengenezwa na chuo kikuu cha hapo hapo Leicester. Wazee wenu wavuvi wa wakati ule mpigie mmoja simu umuulize kama alisikia ule mshindo, halafu niandikie kasema nini.