Kwa Wanaoanza Kuoanisha Modeli na Momentamu za Chembe

Kuoanisha ni kurekebisha parameta za modeli hadi mkunjo wake ulingane na vipimo, hapa vya momentamu za chembe. Wanafunzi wanaoanza kazi hii hapa Arusha huuliza kama inawezekana kuifanya mbali na LHC, mashine ya kugonganisha chembe iliyoko mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Inawezekana kabisa: vipimo vilivyochapishwa vinapatikana bure katika hazina ya HEPData, na kompyuta ya kawaida yenye ROOT, programu ya kuchambua data, inatosha. Ugumu upo katika kujua parameta uliyoipata ina maana gani.

Chora mgawanyo wa momentamu iliyo pembemraba na mwelekeo wa miale ya chembe zinazogonganishwa, ukitumia skeli ya logi. Katika migongano ya protoni kwa protoni mkunjo huanza kwa kushuka karibu kama mstari ulionyooka, kisha mkia wake hushuka taratibu zaidi, kwa sababu chembe za huko hutokana na kwaki na gluoni, yaani vijenzi vya ndani ya protoni, zilizogongana kwa nguvu. Fomula ya Tsallis, iliyotokana na wazo la mwaka 1988, hushika sehemu zote mbili kwa kuongeza parameta moja, q, ambayo kwa nishati za LHC huwa karibu 1.1. Inapendeza, na ndipo wengi wanaporidhika mapema mno.

Viini vya atomi za risasi (metali) vinapogongana, maada ya moto hutanuka na kuzisukuma chembe zote kwa kasi ya pamoja, hivyo protoni yenye uzito wa 938 MeV hupata momentamu kubwa kuliko pioni, chembe nyepesi yenye takribani 140 MeV (MeV ni kipimo cha nishati kinachotumika pia kwa uzito na halijoto). Ukioanisha kila chembe peke yake kwa fomula ya Boltzmann, inayozingatia halijoto tu bila msukumo, utapata halijoto inayopanda kadiri uzito unavyoongezeka, ilhali sehemu ya ongezeko hilo ni msukumo tu. Modeli ya wimbi la mlipuko ya mwaka 1993 hutenganisha halijoto na kasi; hata hivyo, kwa pioni pekee, ukipandisha kasi na kushusha halijoto mkunjo haubadiliki sana. Kwa hiyo oanisha pioni, kaoni (chembe yenye uzito wa kati ya hizo mbili) na protoni kwa pamoja.

Chunguza pia masafa, yaani mipaka ya momentamu unayooanisha. Pioni nyingi za chini ya 0.5 GeV/c ni mabaki ya chembe zilizooza, na ALICE, kundi la watafiti wa LHC, liliziacha nje kwenye data ya migongano ya risasi kwa nishati ya 2.76 TeV, likapata halijoto ya takribani 95 MeV kwa migongano ya katikati, ambapo viini hugongana uso kwa uso. Sogeza mipaka hiyo, na thamani itasogea. Kwa hiyo masafa yaandikwe kando ya kila halijoto unayoitoa, hata kama kai-mraba, kipimo cha jinsi mkunjo unavyolingana na data, ni nzuri.